Gari Lililonawishwa Chini ya Ngomo

Uvira, tarehe 9 Novemba 2023

Kwako Yaya Anne-Marie, dada yangu mkubwa,

Mwaka na miezi saba imepita tangu nilipopanda boti pale Kalemie. Nakusalimu kwa heshima, wewe, shemeji na watoto. Je, kifua cha Mama kimetulia, au baridi ya ziwa bado inamkohoza? Mimi ni mzima, ila nimechoka hata kalamu naiona nzito.

Uliuliza habari za gari aliloacha marehemu kaka yetu Félicien. Linatembea, lakini disiki za freni zimenimaliza. Ni yale mabamba ya chuma yanayobanwa ili gurudumu lisimame. Nikifunga mpya, baada ya safari chache za Bukavu zinapinda, na kila nikikanyaga freni usukani unatetemeka kama mtu mwenye malaria. Mama mmoja muuza samaki aliniuliza: "Dereva, unatubeba ao unatuchekecha kama unga?" Gari zima likacheka.

Unajua watu walivyosema. Félicien alipokosa freni na kugonga mlima kwenye mteremko wa Ngomo, njia ya Bukavu, tulisema mke wake Fanny ameliroga gari. Alifukuzwa matangani, mtoto mgongoni, na hakuna kati yetu aliyefungua kinywa. Hata mimi, kila disiki ilipopinda, nilimtaja moyoni. Nikimwona hapa mtaani Rugenge nilibadili njia.

Mwezi uliopita nilimpakia Chadrack, fundi aliyelitengeneza gari baada ya ajali. Tulipomaliza kushuka Ngomo nilisimama kwenye kijito, nikachota ndoo na kumwagia magurudumu kama kawaida yangu. Maji yalilia chwaaa, mvuke ukapanda. Chadrack akaruka nje akiuliza ni nani alinifundisha kupika chuma kama majani ya sombe. Alisema freni za mteremko zinakiwasha chuma, na kikipigwa maji ya baridi kinapinda, tena siku moja kinapasuka. Disiki ya mbele ya gari la Félicien aliikuta imepasuka. Nilimbishia, nikamtukana hata mbele ya abiria. Lakini tangu siku ile sijamwaga maji tena, na usukani umetulia.

Yaya, hapa soma ukiwa peke yako. Unakumbuka desturi hiyo ilitoka kwa nani. Mama alisema mtu akitoka makaburini ananawa kabla ya kuingia nyumbani, na Ngomo imekula watu wengi, basi na gari nalo linawe. Félicien hakuacha kulinawisha hata safari moja. Alimpenda Mama, wewe unajua. Nami siku ya kuondoka Mama aliniagiza vilevile, akanishika kichwa.

Hakuna aliyeroga, Yaya. Ni maji yetu.

Nilikwenda kwa Fanny. Anauza ndagala, wale dagaa wa ziwa, mbele ya nyumba ya kupanga. Alinipa kiti, akanisikiliza akiendelea kupepeta ndagala zake. Nilipomaliza alisema: "Shemeji, usimwambie mama mkwe. Miye nimeshazoea kuitwa mchawi. Yeye mzee, ile ya kuua mutoto wake ataizoea namna gani?" Mara Délice, yule aliyekuwa mgongoni siku ile ya matanga, akaingia na bido tupu la maji. Watoto wenzake walimtoa kwenye foleni ya robine, bomba la mtaa, wakisema wa mchawi achote mwisho. Fanny alimpangusa uso kwa kitenge. Mimi hakuniangalia.

Kwa hiyo sitamtii Fanny, ingawa ombi lake limenilaza njaa. Usimsomee Mama barua hii. Neno hili nataka alisikie kwangu, nimekaa chini karibu na miguu yake, na wewe uwe upande wa pili umshike. Ninaogopa litamvunja. Lakini mtoto wa Félicien hawezi kubeba jina la mchawi kwa ajili yetu mpaka azeeke.

Wasalimie wote wanaoniulizia, na uwaombe watusaidie kwa sala. Nitafika kwa boti ya tarehe 22 Desemba. Nitakuja na Délice; mama yake amekubali hilo tu.

Ni mimi mdogo wako,
Placide