Kawa la Wifi Salma

Alhamisi, mwezi wa Shaabani

Nami nilijiona mjanja! Siku kumi nzima nahangaika na zawadi ya kumtuliza wifi Salma, dada wa mume wangu, aliyeninunia tangu niliposema pilau yake ina mawe.

Jana Mnazi Mmoja niliwakuta akina mama wanauza makawa ya ukindu ya kufunikia chakula, ili madrasa iezekwe bati. Nikaona, hapa napata wifi na thawabu pamoja. Nikachagua jekundu.

Leo nimempelekea kwake Mchafukoge. Kaligeuza, kaniangalia.

"Umelinunua wapi, wifi?"

Nikamweleza, kwa kujisifu kidogo. Na huu mdomo wangu! Nikaongeza, "Usijali ukingo kwenda upande. Aliyesuka alikuwa na haraka."

"Aliyesuka ni mimi," akasema. "Nimelitoa sadaka juzi."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikajua leo ndiyo basi, hata mazikoni hatutasalimiana. Kumbe anacheka, mpaka kashika ukuta.

Akaingia jikoni, akarudi na sahani iliyofunikwa kwa kawa lile lile. Chini yake, pilau.

"Kula, wifi."

Tonge la pili tu nikauma jiwe.

Nikalimeza.