Ukurasa Mtupu na Kiondo cha Mama Makena

Kwako Mama mpendwa,

Habari za hapo Kanyakine? Kahawa imeanza kuiva? Na mgongo wako je, bado unakusumbua ukiinama? Mimi mwili ni mzima ila nina hofu, na nimeona heri nikuandikie kwa sababu kwenye simu tunaishia kuulizana habari za mvua. Barua nampa Njeru, yule kijana wa Kianjokoma ninayeishi naye huku. Anasafiri kesho kuja kwao. Tafadhali mwalimu, isome bila kalamu nyekundu.

Siku moja uliniuliza kazi yangu hasa ni nini, nikakujibu "ni mambo ya kompyuta" kama mtu anayefukuza kuku. Leo nitakueleza vizuri. Kumbukumbu ya kompyuta imekatwa vipande vinavyoitwa kurasa. Programu ikitaka ukurasa ambao haupo, inasimamishwa hapo hapo mpaka uletwe, kama ulivyokuwa ukisimama ubaoni na chaki ukingoja kitabu ulichosahau ofisini. Kwa kawaida mfumo wenyewe wa kompyuta ndio huuleta. Lakini sisi huhamisha mashine kutoka mji mmoja hadi mwingine huku ikiendelea na kazi. Inaanza kazi kule kupya na kurasa zake nyingi bado ziko ilikotoka. Kwa hiyo tunauambia mfumo, hizi tuachie sisi, na programu niliyoiandika mimi ndiyo hukimbia kuleta kila ukurasa unaoitishwa.

Juma lililopita tulihamisha mashine ya hospitali moja. Katikati ya kazi mtandao ukakwama, kurasa zikachelewa. Sasa Mama, nisikilize. Nilikuwa nimeandika kwamba ukurasa ukichelewa sana, anayengoja apewe ukurasa mtupu, uliojaa sufuri, aendelee na shughuli zake. Sikufikiria mara mbili. Wewe ndiwe uliyenilea hivyo. Kiondo ambacho jirani yetu Mama Makena hutuletea chakula hakijawahi kurudi kwake kitupu: ukikosa minji unatia ndizi mbili, ukikosa ndizi unatia hata nduma moja. Kumwacha mtu asimame akingoja, nami sina cha kumpa, niliona ni kukosa adabu.

Muuguzi akafungua faili ya mgonjwa, na pale panapoandikwa dawa zinazomdhuru hapakuwa na kitu. Bahati nzuri alimjua yule mzee, akashuku, akapiga simu. Wengine waliotibiwa saa hizo bado wanatafutwa mmoja mmoja. Hajapatikana aliyeumia, lakini orodha haijaisha, na kila simu ikilia kazini nageuka kumtazama anayeipokea. Mkubwa wangu, mama mmoja anayeitwa Petra, hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Kwa nini hukuiacha mashine ingoje?" Ingengoja, ingekwama, watu wangelalamika, basi. Ukurasa mtupu haulalamikiwi na mtu, kwa sababu unafanana na jibu. Habari ya kiondo ningemwelezaje? Ijumaa nitaitwa mbele ya wakubwa, na sijui kama nitatoka humo nikiwa na kazi.

Njeru aliposikia alishika kichwa. "Ndugu, hiyo zero ulimpea ya nini? Si ungesema tu hauna!"

Neno hilo limekataa kunitoka, Mama, maana lilinikumbusha Baba. Mvua ilipoanza nilikuuliza habari zake ukasema, "Ako sawa tu, ameenda shamba." Nilipopiga tena, "Ako sawa, amelala kidogo." Jumapili iliyopita, "Ako sawa, ameenda mkutano wa kahawa." Mkutano wa kahawa Jumapili, Mama? Baba huyo huyo aliyekuwa akikunyang'anya simu aniulize kama huku kuna jua? Sijasikia sauti yake tangu mvua ianze. Naogopa. Ijumaa naiogopa, lakini hili naliogopa zaidi.

Najua hunidanganyi kwa ubaya. Unanitilia ndizi mbili nisirudi mikono mitupu. Lakini mimi nimeshaona kile ambacho sufuri hufanya. Kama ni mgonjwa, niambie ni mgonjwa. Kama daktari hajasema lolote, niambie hajasema, nami nitangoja. Naweza kungoja. Nisichoweza ni kuendelea na shughuli zangu nikidhani nimejibiwa.

Msalimie kaka Mwenda, na umwambie asiache mibuni bila kupogoa eti kwa sababu mimi sipo kumsumbua. Shangazi Kagendo mpe pole ya miguu, akae kidogo pale anapouzia ndizi, wateja watamwona tu. Mama Makena naye nampa salamu za heshima, mimi na kiondo chake.

Njeru akikuletea barua hii hapo nyumbani Jumamosi, atangoja uisome kisha anipigie akiwa nanyi. Simu hiyo usiishike wewe. Mpe Baba. Kama hawezi kuongea, iweke tu karibu na mdomo wake, nimsikie akipumua.

Mimi mwanao ninayengoja,
Muthomi