Nusu ya Ulimi wa Baba

Sarthebari, Assam
9 Novemba 1997

Mwanangu Kunjalata,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Huku tunapumua. Mvua zimekwisha, mpunga umeanza kuwa wa njano, na panya wamelijua hilo kabla yetu. Wewe na Prabin mnaendeleaje? Kikohozi chake kimepoa? Mwambie baba mkwe wake anauliza kama Kalkuta bado haijamtafuna.

Wiki hii nimemaliza masinia kumi na mawili, yale ya mguu mmoja ya kutolea tambuu kwa wageni. Tarini bado ndiye anayenishikia koleo. Anazungumza toka asubuhi mpaka tunapozima tanuri, tena peke yake, maana mimi siku hizi sina maneno mengi. Ndiyo sababu amenikalia kooni nikuandikie.

Nina kidonda pembeni mwa ulimi, upande wa kushoto. Ni kidogo, kama punje ya mahindi. Nilijiuma wakati mvua zinaanza. Malati, mke wa Tarini, ananipaka asali na manjano. Shida ni kwamba hakiponi, na pilipili sasa inanitoa machozi kama mjane. Tarini anasema nisipokuandikia ataandika yeye, na mwandiko wake unaujua, ungedhani nimeshazikwa.

Usije. Ni kidonda tu.

Wako,
Baba


Kalkuta
19 Novemba 1997

Baba yangu,

Shikamoo. Nagusa miguu yako kwa mbali. Sisi wazima. Prabin anasema Kalkuta ilimtafuna ikamtema.

Barua yako nimeisoma kazini, mbele ya ubao wa simu, nikawaunganisha watu watatu na watu wasiowataka. Baba, mvua zilianza mwezi wa sita. Kidonda gani cha kujiuma kinakaa miezi mitano? Na daktari hukumwona, nakujua. Ulipojiponda kidole kwa nyundo ulikifunga kwa tambara la kusugulia shaba ukaendelea na sahani. Mama alilia, wewe ukamwuliza kwa nini analia wakati sahani imetoka nzuri.

Nimeomba likizo. Nafika tarehe nne, tarehe tano tunakwenda Guwahati. Usiseme hapana, tiketi nimeshakata. Na mpaka nifike, naomba kitu kimoja: usitafune tambuu. Najua nakuomba nini. Nimekulia kwenye nyumba ambayo mgeni hakuulizwa jina kabla hajawekewa sinia mbele yake.

Msalimu Mjomba Tarini. Mwambie amefanya vizuri.

Binti yako,
Kunja


Guwahati, wodi ya wanaume
11 Januari 1998

Mwanangu,

Natumaini ulirudi salama na bosi wako hakukununia. Mimi nalala, nakaa, nalala tena, ndiyo kazi ya hapa. Kitanda cha kulia yupo mwalimu wa hesabu aliyestaafu, yeye ni shavu. Kule mlangoni yupo dereva wa lori, yeye ni fizi. Hapa hatuitani majina, tunaitana kwa mahali panapouma. Asubuhi mwalimu ananiuliza, "Ulimi, umeamkaje?" Nami namjibu, "Nimeamka, Shavu. Wewe je?"

Madaktari wanatuuliza swali lile lile. "Mzee, tambuu umetafuna miaka mingapi?" Wote tunatazama sakafu kama watoto walioiba sukari.

Ulipoondoka nilikuwa nimekubali operesheni. Jana daktari alikaa kitandani kwangu akanieleza vizuri. Wataondoa nusu ya ulimi, na tezi za shingo upande huo. Nikamwuliza, "Nitazungumza?" Akasema, "Utazungumza, ila itabidi watu wajifunze kukusikiliza." Nikauliza, "Na nisipofanya?" Akasema mwaka, pengine haufiki, tena si mwaka mzuri. Nikamwuliza, "Na nikifanya?" Akasema, "Hapo nikikupa idadi ya miaka nitakuwa nakudanganya, mzee."

Sasa nimewaza. Nina miaka sitini na mitatu. Mama yako aliondoka na maneno yake yote. Siku ile ya mwisho alimgombeza Malati kuhusu chumvi, unakumbuka? Nami nataka kuondoka hivyo, nikiwa na kinywa changu. Nafikiria kurudi nyumbani. Operesheni ni tarehe 28. Nikikataa, kitanda atapewa mwingine, na kwenye korido wamejaa.

Usinikasirikie. Niandikie unavyoona wewe. Barua hii anaileta mtoto wa mwalimu, atakuwa Kalkuta siku tatu.

Baba


Kalkuta
14 Januari 1998

Baba,

Shikamoo. Sijakasirika. Namwandikia mtu aliyenifundisha kusoma kwa kufuata herufi kwenye masinia ya shaba, kwa hiyo nivumilie nikikuandikia kirefu.

Kuna jambo sijawahi kulisema. Nilikuwa na miaka saba Mama alipovunjika mkono, akaniachia kisanduku cha tambuu. Nikajifunza kupangusa jani, kukata popoo, kupaka chokaa kwa ncha ya kidole. Wewe ulikuwa unatoka karakana umejaa masizi, unakaa barazani, unapokea kwa mikono miwili kana kwamba anayekupa ni mama mkwe wako. Siku moja ukasema, "Ya Kunja ni tamu kuliko ya mama yake, lakini usimwambie." Mkono wa Mama ulipopona sikumrudishia kisanduku. Siku ulizochoka nilikuwa naongeza tumbaku kidogo, kwa sababu ulikuwa unafumba macho na kutabasamu.

Nilikukunjia tambuu mpaka nilipoolewa, Baba. Miaka kumi na tano. Tangu daktari alipolitaja lile neno, saratani, nikiwa ubaoni napachika waya, naviona vidole vyangu vina chokaa.

Sikuombi ukatwe ili mimi nipate usingizi. Nakuomba kwa sababu sijamaliza kuzungumza na wewe. Unaogopa hutaeleweka. Mimi kazi yangu ni kusikiliza watu kupitia waya mbovu. Nimewaelewa wafanyabiashara wa Siliguri huku radi zinapiga. Nitashindwaje kukuelewa wewe?

Nafika tarehe 25. Nikikukuta wodini, vizuri. Nikikuta umerudi nyumbani, nitakuja nyumbani, wala sitagomba.

Binti yako,
Kunja


Kalkuta
1 Aprili 1998

Baba yangu,

Shikamoo. Nimefika salama. Nyumba ilikuwa na vumbi, na Prabin amekonda kwa kujipikia. Unaendeleaje na mionzi? Koo limechomeka zaidi? Mjomba Tarini akusukumie maji ya wali hata kama unamfukuza kwa mkono. Zimebaki siku kumi tu.

Usilitafute daftari lako la wodini, nimeondoka nalo. Wiki zote zile uliandika na mimi nikajibu kwa mdomo, kwa hiyo ndani umo wewe tu, mimi simo. Nimelisoma njia nzima kwenye treni. Ukurasa wa kwanza, siku ya pili baada ya operesheni, mstari umepinda kama njia ya mlevi: "Nimeamka, au huku ndiko ahera?" Halafu: "Kifua kinauma kuliko mdomo. Hawa wamekata wapi?" Nikakueleza kwamba walichukua nyama ya kifua kuzibia ulimi. Ukafikiri, ukaandika, "Basi sasa nitasema yaliyo moyoni." Ukacheka mpaka nesi akaja na mashine ya kunyonya damu, akatugombeza wote wawili.

Ukurasa wa sita: "Shavu yuko wapi?" Nikakwambia amehamishwa wodi. Ukaandika, "Nimepoteza ulimi, si macho."

Na ule wa siku ulipomeza kijiko cha kwanza cha maji ya wali. Kimoja tu, na nusu kilirudi puani. Uliandika, "Chumvi hamna. Mama yako angesema."

Sasa, majibu ya maabara. Daktari aliponiita uliandika, "Sitaki kujua." Ukakata mstari, ukaandika chini kwa herufi ndogo, "Ila wewe ujue." Baba, nimejua, na kujua peke yangu kumenichosha. Sitaki kukulazimisha, wala sitaki kukuficha. Nimeandika alichosema kwenye karatasi, nikaifunga ndani ya bahasha ndogo, hiyo hapo. Ifungue, ichome, utakavyo. Sitakuuliza.

Binti yako,
Kunja


Sarthebari
3 Mei 1998

Mwanangu,

Nakusalimu kutoka barazani kwangu. Niko nyumbani, nimemaliza mionzi, nimefika siku ya kwanza ya sikukuu ya Bihu wakati watu wanaosha ng'ombe mtoni. Shingo imekuwa nyeusi kama sufuria. Chakula ni uji, na samaki mchachu anayepondwa na Malati mpaka anasahau alikuwa samaki. Ladha haijarudi, ila uchachu nauhisi kidogo upande wa kulia. Prabin amenenepa? Na wewe, unalala?

Kuhusu bahasha. Nilikaa nayo siku nne. Siku ya tano nikampa Tarini aisome kimya, nami nimtazame uso. Nilidhani nitapima kiasi cha ubaya nisiambiwe ubaya wenyewe. Tarini alisoma, akaikunja, akaniambia, "Mambo mazuri." Halafu akaingia karakana akaanza kupiga sahani iliyokwisha tengenezwa, akaipiga mpaka ikapasuka. Nikaona heri nisome mwenyewe.

Basi nimesoma. Tezi mbili kati ya kumi na moja zilikuwa na ugonjwa. Ukingo wa pale walipokata ni safi lakini mwembamba. Miaka miwili ya kwanza ni nusu kwa nusu, urudi au usirudi, kupimwa kila baada ya miezi miwili. Si mbaya kama ile niliyoiona kwenye uso wa Tarini. Sasa hujui peke yako, pumzika kidogo.

Siku ya pili ya Bihu wageni walikuja. Malati akaniuliza, "Sinia tuweke nini?" Nilizunguka na lile sinia la mama yako nyumba nzima. Kuweka tambuu sikuweza. Kumwacha mgeni bila kitu pia sikuweza. Mwishowe tukaweka iliki na vipande vya nazi. Bibi Sabitri wa ng'ambo ya bwawa akatazama, akasema, "Nyumba ya mfua shaba imefilisika? Tambuu iko wapi?" Nikataka kumjibu, maneno yakatoka kama mlio wa bata majini. Akageuza uso, aibu imemshika. Tarini akamwambia, "Haijafilisika, shangazi. Imeshiba." Bibi akala nazi, akaongeza, akabeba na nyingine kwenye kitambaa chake.

Sasa lile jambo lako la chokaa. Nililisoma wodini mara nyingi kabla ya operesheni, na sikulijibu kwa sababu ulipofika sikuthubutu, baada ya kukatwa sikuwa na mdomo, na kwenye daftari nesi angesoma. Nisikilize. Nilianza kutafuna nikiwa na miaka tisa, kwenye karakana ya babu yako, nisije nikasinzia nikaangukia tanuri. Ulipozaliwa meno yangu yalikuwa mekundu tayari. Ningetafuna za mama yako, za Malati, za dukani, za kuokota. Zako zilikuwa za mtoto aliyenisubiri barazani na kisanduku mapajani, miguu haifiki chini. Walipokuwa wananisukuma kwenda kukatwa, nilikuwa nakuona pale, tena nikasikia harufu ya jani lililopanguswa. Ndilo nililoingia nalo. Nusu ya ulimi wamechukua. Hilo usininyang'anye.

Baba


Kalkuta
12 Mei 1998

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Nimelala jana saa nane mfululizo, Prabin akanipima homa.

Sitakunyang'anya.

Binti yako,
Kunja


Sarthebari
13 Septemba 1998

Mwanangu Kunjalata,

Habari za huko? Mafuriko yamefika mtaani kwenu, au ni redio inayokuza mambo? Hapa maji yalipanda mpaka ngazi ya pili, yakashuka. Mapera yalikuwa mengi, nimeyala yaliyoiva kabisa, ya kufyonza.

Juzi nilikuwa Guwahati kupimwa. Mdomo ni safi. Ila upande wa kulia wa shingo daktari ameshika kitu, kama dengu chini ya ngozi. Anasema huenda ni tezi iliyochokozwa na mionzi, huenda si hivyo. Amepazungushia duara kwa kalamu ya wino akasema tutatazama Novemba. Tarini ananitazama shingo tukiwa kazini, nyundo inamponyoka. Nimeanza kufunga shingoni kitambaa cha gamosa, ili atengeneze sahani. Nakuandikia mapema usije ukasikia kwake. Ukiweza kuja Novemba, njoo. Usipoweza, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Nazungumza sasa. Jina lako linanishinda, lina herufi tatu zinazotaka ncha ya ulimi, na ncha yenyewe imebaki huko hospitali. Nafanya mazoezi nikipulizia moto. Tarini anasema inatoka kama namwita paka. Nimemwambia paka huyo yuko Kalkuta na ana kazi ya serikali. Alinielewa neno kwa neno, akacheka, kwa hiyo naona naendelea vizuri.

Jana alikuja mtu kutoka Barpeta. Anaoza binti mwezi wa pili mwakani, anataka bakuli na sahani za shaba za kumtoa nazo bibi harusi, seti ishirini. Kazi ya miezi minne kwa mikono miwili mizima. Alikuwa ameambiwa njiani, maana alinitazama kitambaa, akamtazama Tarini, halafu akaniuliza taratibu kama anavyoulizwa mtoto, "Mzee, mpaka mwezi wa pili utaweza?"

Tarini akafungua mdomo anijibie. Nikamgusa kwa koleo, akaufunga.

Nikamwambia yule mtu, "Haya."

Lilitoka zima. Halihitaji ulimi mwingi, ni pumzi tu. Akanielewa mara ya kwanza, akavua viatu, akaingia ndani kuchagua umbo la bakuli. Kesho asubuhi tunawasha tanuri.

Wako,
Baba