Pole ya Kingereza kwa Mama Suzanne

Baraka, kando ya ziwa
Tarehe 16, mwezi wa tano, 2023

Mupenzi Godelieve, mujukuu yangu na bibi yangu mudogo,

Jambo. Jambo ya asubui, na kama huko kwenu ni usiku, lala nayo. Uko muzima? Junior na mudogo yake beko bazima? Na ile baridi, imeisha kubaachilia, ao mungali munavaa mablanketi kama bantu ba Minembwe? Sisi huku tuko bazima. Koko yako Georgette, bibi yangu mukubwa, goti inamuuma siku ya mvua na siku ya kulima. Siku ya ndoa haimuumake.

Mukono yenye kuandika njo ya Rosette, bibi ya baba yako mudogo Fabien, unajua yeye ni mwalimu, naye njo atakutumia picha ya hii barua mu telefone. Kinywa njo yangu. Mi sikuingiaka masomo hata siku moja, masomo njo iliniogopa. Kwa hiyo ukiona neno nzuri, ni yangu. Ukiona kosa, ni ya Rosette.

Nguvu ningali nayo kama kijana. Juzi nilivuka paka Ubwari, nikapiga kasia mwenyewe, upepo mbele, mawimbi kama nyumba, na ku kurudia nilileta samaki, mukeke moja yenye tumbo kama ya shefu. Rosette anakataa kuandika, anasema mutumbwi ilikuwa na moteri na mi nilikuwa nimelala ndani. Andika tu, Rosette. Ule aliyelala njo anasimulia.

Mihogo imetoka muzuri mwaka hii. Fabien amemaliza kufunika nyumba yake na mabati, sasa mvua ikinyesha tunaenda bote kukaa kwake, kusikia namna utajiri inapiga kelele.

Sasa, ile sauti ulituma mu telefone. Rosette alitusikilizisha mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilicheka kupita. Mara ya tatu nikasikia vile ulikuwa unavuta pumzi, nikaacha.

Acha niiseme vile niliisikia, unirudishe kama nimepotea. Jirani yako mama Suzanne, ule mumama muzungu aliyekupeleka soko wakati haukujua hata kuvuka barabara, amefiwa na bwana yake. Siku ya Mungu uliwatumia sahani ya sombe, ile majani ya mihogo, na samaki ndani. Muzee akala, akasifu. Siku ya ine akafa. Sasa majuma tatu imepita, na mguu yako haijakanyaga kwake.

Juu ya nini? Juu ya neno moja. Unasema pole ya Kingereza ni «sori», na sori ni neno ya mwenye kukosa. Uliijua siku mama Suzanne alianguka ku barafu. Ulimuambia sori, naye akakujibu: «Juu ya nini? Haiko weye ulinisukuma.» Sasa unajiambia: nikisimama mbele yake na sori mu kinywa, na sombe yangu ilikuwa mu tumbo ya bwana yake, si nitakuwa nimekubali kwamba ni mi nilimuua?

Kisha unaniuliza: «Koko, we ulikaa na Baingereza. Pole yao ni gani?»

Ah, bantu, muone! Muntu anaishi Amerika miaka ine, anauliza Kingereza ku Baraka! Ni samaki kumuuliza mbuzi njia ya maji. Lakini umepiga ku mulango yenyewe. Sikia.

Unakumbuka miaka nilikuwa sentinele, kulinda mulango ku ile biro ya bazungu, njia ya kwenda Fizi? Kulikuwa Madame moja Mwingereza. Jina yake ilitushinda meno, tukamuita Madame Lojistike, sababu njo ilikuwa kazi yake, kutuma maturubai na sabuni mu milima.

Asubui moja telefone yake ikalia. Mama yake muzazi amekufa, kule kwao. Tulijua bote mbele chai haijaiva, sababu Adolphine mupishi alikuwa anapita ku mulango. Sasa tunangoja kilio. Huku kwetu unajua: kifo ikiingia, mulango inafunguka, mikeka inatoka, bamama banakuya na kuni, bantu banalala inje hata siku tatu. Yeye alifunga mulango. Akaendelea na kazi, ta-ta-ta ku mashini yake. Macho kavu kama ndagala ya juzi.

Adolphine akaniambia:

«Papa Jacques, huyu muntu atapasuka. Enda umuambie pole.»

«Kwa luga gani?»

«We si unasemaka kila siku kama unajua Kingereza?»

Kweli nilikuwa nakijua. Gud moningi, yes, no, na jina ya kila mbwa ya biro. Lakini pole haikuwa ndani. Nikamuendea Vainqueur, shofere, aliyesoma Kingereza kidogo mu kambi kule Tanzania. Alikuwa chini ya motokari, miguu tu njo ilikuwa inaonekana. Nikauliza ile miguu:

«Vainqueur, pole kwa Kingereza ni nini?»

Miguu ikajibu:

«Slow.»

«Uko na hakika?»

«Papa, Madame ananipigiaka ile neno kila siku mu barabara. Slow, Vainqueur, slow! Na mi namujibu: ndiyo Madame, pole pole.»

We ungejua? Mi niliona pole moja na pole mbili ni bantu ba nyumba moja.

Nilitembea na ile neno kama mwenye kubeba yai. Slow, slow, slow. Nikavua kofia. Nikaingia bila kupiga odi, nikakaa chini ku simenti, mugongo ku ukuta, vile muntu anakaaka ku kilio. Nikasema na sauti ya mazishi:

«Madame. Slow.»

Akaniangalia.

«Veri slow, Madame. Mama... slow.»

Adolphine naye akaingia, mikono yote unga, akakaa pembeni yangu, akashika shavu: «Slow, Madame. Slow sana.»

Madame akaacha mashini. Radio ya biro ilikuwa inaita, bantu ba kituo ya Nundu, hakuna wa kujibu. Njo Vainqueur akafika mbio ku mulango, mafuta paka mu masikio: «Muzee! Slow ni ya motokari! Ni pole pole, haiko pole!» Lakini neno haiko kuku. Ikiisha kutoka, hauikamate na miguu.

Madame akamuuliza nini inapita. Vainqueur akamuelezea, anaangalia biatu yake. Madame akaanza kucheka. Akacheka, akacheka, kisha kicheko ikageuka mu njia, akalia. Alilia ile ya kweli, yenye makamasi. Akashuka ku kiti, akakaa naye ku simenti, na suruali yake ya mupya. Tulikaa paka saa sita. Adolphine aliimba kidogo. Bugali ya mchana iliungua na hakuna aliyeuliza nani aliiunguza.

Wakati alitulia, akasema na sisi, Vainqueur anageuza mu Kiswahili. Kwamba ndugu zake balimutumia maneno marefu mu telefone, mazuri sana. Mukubwa yake ya kazi alimuambia apumzike siku mbili kisha arudie ku kazi. «Ni ninyi tu,» akasema, «ninyi tu munaniambia slow.»

Vainqueur alitaka kujivuna, eti neno ni yake. Lakini nani aliibeba? Nani alikaa chini wa kwanza? Mi simo mu mabishano. Nasema tu kama paka leo mu biro zote za Baraka hakuna sentinele aliyeliza Mwingereza kwa Kingereza, isipokuwa mi.

Sasa fungua masikio, sababu jibu yako njo hii. Siku ile ile niliuliza Madame namna ya kweli. Akasema Kingereza haina pole. Bako na sori moja tu, inafanya kazi mbili kama jembe ya masikini. Ukikosa, unasema sori. Ku kilio unasema: «Ai am sori for yo los.» Maana yake, moyo yangu inauma juu ya ule umepoteza. Nikamuuliza, sasa nikisema vile, hamutaita polisi? Alicheka paka kwikwi ikamushika. Hapana, akasema, ku kilio hakuna Mwingereza anasikia sori na kuuliza nani aliua. Hata mutoto anajua.

Basi isemeseme ukiwa unaosha vyombo. Ai am sori for yo los. Rosette anataka kuiandika vile Baingereza banaandika. Nimekataa. Mi naandika vile sikio inakula.

Na sombe. Godelieve, sombe yako niliikula siku ya ndoa yako. Nilifikiria kifo, kweli, juu ya chumvi. Lakini nilikula sahani tatu na mi ungali unanisikia. Umetuambia mwenyewe ule muzee alikuwa mugonjwa ya moyo, alikuwa anatembea na chupa ya dawa mu mufuko. Sombe haikumuua, sombe ilimusindikiza na tumbo kushiba. Najua ulimi ya bantu huku kwetu: muntu akikufa, mbele jasho ikauke banauliza nani alimupa chakula. Ulitoka hapa na ile woga mu sanduku. Weye ulingoja visa miaka kumi na moja, woga yako ilipita bila visa.

Lakini kuko kintu moja ulisema mbio mbio mu ile sauti, kama mwenye kupita mbele ya mbwa. Ulisema, kisha mazishi, mama Suzanne alikuya kwako. Akapiga mulango. Na weye ulijificha nyuma ya rido ya dirisha, ukabafunga batoto kinywa. Akangoja. Kisha akaacha sahani yako chini, imeoshwa, biskuti ndani, akaenda.

Hapa Rosette aliacha biki ya kuandikia. Koko yako Georgette, alikuwa anachambua mboga, akainuka na ile goti yote. Anataka niandike maneno yake bila kuongeza chumvi: «Muambie, mwenye kukushuku harudishake sahani, anaivunja. Huyu ameirudisha, na hakuirudisha tupu. Weye unataka nini tena, barua ya gavana?»

Na mi naongeza yangu, na hapa sicheke. Mufiwa njo alitembea. Mi muzee hivi, sijaonaka ile. Huku kwetu mufiwa anakaa, sisi njo tunatembea kumufikia. Ule mumama alivaa biatu juu ya kilio yake, akavuka majani, akapiga mulango moja aliyoijua. Unafikiri alileta biskuti? Alikuwa anatafuta wa kukaa naye chini.

Basi enda. Usipike kwanza, usingoje Kingereza yako iive. Akifungua, muambie ile ya los. Kama inakukimbia, sema pole kwa Kiswahili, na sura ya pole, atasikia. Umuambie pia kweli ya ile rido, na hapo njo utumie sori ingine, ile ya kukosa, sababu hapo ulikosa. Kisha ukae. Usikae dakika tano kama mwenye kulipa umeme. Kaa paka chai ipoe mara mbili. Kama hana mukeka, simenti inatosha, mi nimeijaribu.

Fabien anakusalimia, anauliza kama Junior angali anakataa samaki yenye kichwa. Georgette anakusalimia na anasema niache kukuita bibi yangu, wivu ya miaka makumi tano haijamutoka. Adolphine angali muzima, tunakutana ku soko ya samaki, anakukumbatia. Umusalimie ule kijana aliyeniibia bibi. Muambie goti yangu haina ugonjwa, siku moja nitakuya kukuchukua.

Mungu akufunike, weye na nyumba yako. Baridi isikugandishe moyo, chakula yako iwe na sifa, chumvi ipunguke kidogo, na mulango yako isikose mwenye kuipiga.

Kintu ya mwisho. Mu sauti yote ulisema «ule muzee» na «bwana ya mama Suzanne». Haukusema jina yake. Siku ya Mungu yenye kuya tunataka kumuombea ku kanisa, na pasteri ameisha kuniambia hawezi kusimama mbele ya bantu kuombea «bwana ya Suzanne», kama vile mbuzi ya muntu. Rosette amefungua kaye ya maombi, ameandika tarehe, ameacha mustari wazi. Muulize mama Suzanne jina ya bwana yake, na jina ya baba yake. Usiulize Junior, usiulize jirani mwingine. Muulize yeye, mumekaa. Tunaingoja mbele ya siku ya Mungu.

Mi niliyekupenda mbele bwana yako hajakuona,

Koko yako Jacques