Bibi Aliyefia Darasani

Jumatatu, 4 Septemba 1972

Hili sijamwambia mtu yeyote. Filomena alipougua malaria wiki iliyopita, nilifurahi. Kiti chake kilikuwa kitupu, na katika kipindi cha Kiingereza mkono ulioinuka ulikuwa wangu tu.

Leo amerudi. Amekonda. Mwalimu Mapunda alimpa pole mbele ya darasa zima, kisha tukaendelea na past perfect. Mambo mawili yamepita, moja lilitangulia. Lililotangulia linapewa had. Nimeandika ukurasa mzima wa sentensi. Zote sahihi. Nimezikagua mara mbili.

Jumanne, 5 Septemba

Mwalimu Mapunda hataki sentensi za kitabuni. Kila mtu anasimama na kutoa ya maisha yake mwenyewe.

Mimi: Nilipofika shuleni, kengele ilikuwa imeshalia.

"Sahihi. Kaa."

Filomena: Tulipofika mtoni, mtumbwi ulikuwa umeshaondoka.

Mwalimu akamuuliza wakafanyaje. Akasema walijificha kwenye mikoko mpaka ukaja mwingine. Alitamka vibaya neno la Kiingereza la mikoko. Mwalimu hakumsahihisha. Hakumwambia hata akae.

Alipovuka Ruvuma na shangazi yake kutoka Msumbiji alikuwa hajui hata salamu ya Kiingereza. Mimi nimekisoma tangu nikiwa mdogo. Haki iko wapi?

Alhamisi, 7 Septemba

Siku ya wazazi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mmoja wetu wa Kidato cha Tatu atasoma insha ya Kiingereza mbele ya wageni. Mwaka jana, tukiwa Kidato cha Pili, nilisoma mimi, lakini Bibi alikuwa safarini Newala. Kusoma karatasi siogopi. Kuongea ndiko kunanishinda. Bibi ameshawatangazia wote bombani kwamba mjukuu wake atasoma tena.

Lakini Mwalimu anamtazama Filomena.

Yeye ana mto, ana mtumbwi, ana vita. Mimi nina kengele. Baba na Mama wapo Newala, wazima, wanapalilia mikorosho. Babu na Bibi ninaokaa nao hapa mtaa wa Ufukoni, wazima. Sijafiwa hata na kuku. Najua ni vibaya kuandika hivi. Nimeandika.

Ijumaa, 8 Septemba

Nimefanya.

Nilisimama, nikasema: Nilipofika nyumbani, bibi yangu alikuwa ameshafariki.

Mwalimu Mapunda akaweka chaki chini. "Pole sana, mwanangu. Sikujua." Akaniambia niikuze iwe insha, ndiyo nitakayowasomea wageni.

Wenzangu karibu wote wanalala bwenini. Hakuna anayefahamu kwetu. Filomena alinigeukia, macho yamejaa machozi.

Nimeshinda. Bibi alikuwa amenikaangia samaki aina ya pono. Sikummaliza.

Jumapili, 10 Septemba

Natamani kuzama ardhini.

Asubuhi nilikuwa nafagia uwanja. Filomena akatokea, kanga amejifunga kiunoni, ungo kichwani. Ndani ya ungo unga wa muhogo, umefunikwa vizuri. Aliniulizia mitaani mpaka akafika. Akavua ndala, akapiga magoti mbele ya Bibi aliyekuwa mkekani anachambua mchele.

"Shikamoo bibi. Poleni na msiba."

"Marahaba. Msiba wa nani, mjukuu wangu?"

"Wa bibi yake huyu."

Bibi alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile. Kisha akamgeukia Filomena.

"Basi umekuja pazuri. Marehemu ni mimi. Lete huo unga, maana nilikufa na njaa."

Babu alicheka mpaka akapaliwa. Filomena hakucheka. Alimshika Bibi mkono, akaupapasa kama mtu anayepima kitambaa. Alipoondoka nilimsindikiza hadi njia panda. Alisema neno moja tu. "Afadhali. Nimemlilia njia nzima."

Niliporudi, Bibi alikuwa bado anachambua.

"Mke mwenzangu, umenichuria kwa Kizungu?"

"Lilikuwa zoezi tu, Bibi."

"Na hilo zoezi halina bibi yake lenyewe?" Akapepeta. "Kama unamtaka mzee peke yako, sema. Nitakuachia na miguu yake ya kukanda."

Alitania. Lakini mchana kutwa hakuniita kwa jina langu.

Jumanne, 12 Septemba

Shuleni hakuna anayejua. Filomena hajasema. Mimi ningesema. Jana na leo nimesubiri asimame aseme, ili nimchukie kwa raha. Amekaa tu, anachonga penseli.

Nimeelewa kwa nini hakuna aliyenitilia shaka. Huku kwetu mtu hasemi aliye hai amekufa, hata kwa mchezo. Ni kumchuria, kumwitia kifo. Wote waliniamini kwa sababu hakuna ambaye angethubutu. Na sentensi za Filomena zote ni za kweli. Haikumpitia akilini kwamba mtu anaweza kutunga.

Mwalimu amesoma insha yangu. Ameandika chini: safi sana. Nimeyatazama maneno hayo mpaka yakapoteza maana.

Alhamisi, 14 Septemba

Bibi ametoa sandukuni kanga ambayo hajawahi kuivaa. Ameifukiza udi. Anataka kukaa mstari wa mbele. Nilimwambia jua litakuwa kali. Akasema yeye alitoka Newala kwa miguu na mtoto mgongoni, jua la kwenda shuleni halimtishi.

"Insha yenyewe inahusu nini?"

"Nyumbani," nilisema.

Babu akasema marehemu anajipamba.

Jumamosi Mwalimu atamsalimia kila mgeni. Atamuuliza mama huyu ni nani kwangu. Naweza kumwambia Bibi asije. Nimeyapanga maneno. Kisha naiona ile kanga kwenye kamba.

Naitaka ile nafasi. Naitaka kuliko kitu chochote.

Ijumaa, 15 Septemba

Nilimkuta Mwalimu Mapunda kwenye shamba la shule, anakagua mikorosho. Nilisema haraka kabla sijaogopa. Bibi yangu hajafa. Kesho atakuja.

Nilitaka anigombeze.

"Sentensi ilikuwa sahihi," alisema. Basi. Akaendelea kutazama maua ya mikorosho. Kisha akasema nikamwite Filomena.

Nikaenda kumwita mwenyewe.

Wiki ijayo yote nitafyeka nyasi nyuma ya mabweni. Nyumbani nimemwambia Bibi sitasoma mimi. Aliuliza kama kanga airudishe sandukuni. Nikamwambia aivae.

Jumamosi, 16 Septemba

Bibi alikaa mbele. Mwalimu Mapunda alimwamkia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamkaribisha.

Filomena alisoma. Bibi hajui Kiingereza, kwa hiyo nilikaa kando yake nikamtafsiria sikioni. Tulipofika mtoni, mtumbwi ulikuwa umeshaondoka. Jua lilipochomoza tulikuwa tumeshavuka, na bibi yetu alikuwa amebaki ng'ambo.

"Na sasa yuko wapi?" Bibi alininong'oneza.

"Hajasema."

Filomena alikosea mahali pamoja. Nilisikia. Nilifurahi kidogo. Walipopiga makofi nilimwonea wivu mpaka kifua kikauma. Bibi alipiga makofi kuliko wote.

Ule ungo ulikuwa bado kwetu. Bibi harudishi chombo cha mtu kikiwa kitupu. Alijaza korosho zilizobaki za msimu uliopita, akanitwika.

Filomena na shangazi yake wanakaa nyuma ya soko. Nilimkuta uani, ameshavua sare, anatwanga makopa ya muhogo. Nilimwambia Bibi anamsalimu. Akasema marahaba, kisha akacheka kwa kuwa amekosea, amemjibu Bibi kama mdogo wake. Niliweka ungo kibarazani. Mchi wa pili ulikuwa umeegemezwa ukutani. Niliuchukua, nikasubiri mchi wake uinuke, nikatwanga.