Maji na Usingizi

Tarehe 9 Machi, miezi kumi na minne tangu niondoke

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Mimi mzima, ila mgongo unalalamika kwa mifuko ya saruji. Mwambie mama yako viatu vimenitosha.

Unasema unataka kuacha Kichina hapo kidato cha tano, eti kupandisha na kushusha sauti ni upuuzi, neno ni neno tu. Ndivyo anavyosema mkalimani wetu hapa kwa bosi Mchina, tunayemwita Kasuku. Kasoma miezi miwili, ana maneno ishirini na tai tatu.

Juzi jua lilinipiga nikaona kizunguzungu. Nikamwambia, "Kasuku, mwambie bosi naomba maji." Akajikohoza kama bwana harusi, akasema "shui", lakini sauti akaitupa chini. Bosi akanitolea macho, akanifukuza kazi papo hapo. Mpishi wake ndiye aliyenieleza baadaye: maji, sauti inazama kisha inainuka, ukiitupa chini, umesema kulala. Yaani nimeomba usingizi saa nne asubuhi, karai la zege kichwani!

Nilimwendea Kasuku, akanijibu: "Mzee, si nilisema shui? Tatizo masikio yake." Masikio ya mwenye lugha yake! Bosi simlaumu, hata mimi ningemfukuza mtu wa namna hiyo. Lakini huyo mwenye tai, hata mate yangu simpi.

Basi sitangoja Desemba. Nakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Nikikuta umeliacha somo hilo, tutaonana.

Baba yako