Kamera Uliyomtengenezea Baba

Othieno, mdogo wangu,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu wengine wote wakiniuliza hali nawaambia tunashukuru Mungu, na wewe huna haja ya kudanganywa. Kilichonichosha zaidi ni ile kamera uliyomtengenezea Baba. Ilianza ukorofi mara tu baada ya kukuzika.

Unakumbuka siku ulipoileta? Ulitoka Busia na taa tatu ndogo ambazo mwanga wake hauonekani kwa macho, ukazibana kwenye hedifoni. Kisha ukaifungua kamera ya kompyuta, ukapachika ndani kipande cha filamu nyeusi ili ione taa hizo peke yake. Nilikutania kwamba umeacha ufundi wa simu, sasa umekuwa mganga. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya Baba mkono wa kushoto, na mtu aliyeendesha malori kutoka Mombasa hadi Kampala akawa mtu wa kukalishwa na kuinuliwa. Ukamwekea mchezo wa lori. Mkono wa kulia ukashika usukani wa plastiki, kazi ya kutazama ukakipa kichwa: akigeuka kidogo, picha kwenye skrini inageuka naye, anaona vioo. "Mashine haina akili, dada," uliniambia. "Inafuata mwanga tu." Baba alipiga honi mpaka Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, tukacheka sote. Sijasikia tena nyumba yetu ikicheka vile.

Baada ya wewe kuondoka, kila alasiri ikawa shida. Asubuhi Baba anaendesha vizuri, lakini jua likishainama tu, yeye anatazama mbele na skrini inavutwa kushoto, kwenye kiti cha taniboi, msaidizi wa dereva, na lori linaingia mtaroni. Nilibadilisha waya, nikanunua betri, nikafuta programu na kuiweka upya. Hayo yote nayafanya nikitoka kazini mpakani, miguu imevimba. Mimi karani wa mizigo, Othieno, nimejulia wapi mambo haya? Kuna siku nilikukasirikia kabisa, eti umekufa bila kunifundisha.

Jumamosi moja nilifungua kile kidirisha cha programu kinachoonyesha kamera inaona nini. Nukta za mwanga zilipaswa kuwa tatu, zikisogea pamoja na kichwa cha Baba. Nikaona nne, na ya nne haisogei. Nikageuka kutazama nyuma ya kiti chake, nikakuona wewe. Ile picha kubwa ya kioo iliyotangulia mbele ya jeneza tuliitundika sebuleni, ikitazama mlango, kama ifanyavyo kila nyumba hapa. Jua la alasiri, ambalo nalo lina ule mwanga usioonekana, lilikuwa linaingia mlangoni, linagonga kioo chako na kurudi kwenye kamera. Mashine ilikuhesabu wewe pamoja na kichwa cha Baba.

Mlango sikuweza kuufunga. Nyumba ya msiba haifungwi mchana, na watu wa hapa kwetu Molo walikuwa bado wanakuja kutupa pole. Nikachukua kitambaa cha kochi nikufunike. Mama alikuwa anapita na samaki wake wa kutoka kwao Majanji, akaweka sufuria chini.

"Mimi nimeona yeye anafunikwa mara moja," alisema. "Ya pili, hapana."

Nikakirudisha kitambaa. Nikamweleza Baba chanzo cha tatizo, nikidhani atafurahi kwamba hatimaye kimejulikana.

"Mimi nilijua ni Othieno," akasema. "Anageuza mimi niangalie kiti yake. Wewe ulikuwa natengeneza nini?"

Ndipo nikatambua kwamba hakuwahi kulalamika hata siku moja. Aliyekuwa akilalamika ni mimi. Kiti kile, katika lori lake halisi, ulikikalia kila likizo ya shule, mguu juu ya dashibodi, yeye akikugombeza uushushe. Nilijisikia mwizi, nikamwambia basi, tutaiacha ilivyo.

Tukaiacha. Alasiri baada ya alasiri lori likawa linaingia mtaroni, naye anatabasamu. Halafu tabasamu likaanza kupungua. Jana aliniita mwenyewe.

"Peleka yeye chumba ya mama yako. Dereva naangalia barabara."

Nikakubeba mpaka chumbani. Mama alikupangusa vumbi. Niliporudi, Baba alikuwa ameshaondoka Malaba kwenye skrini, na lori likanyooka njia nzima mpaka Kampala. Alipoegesha, akageuza kichwa kushoto yeye mwenyewe, polepole, na skrini ikamfuata barabara, bila kutikisika. Alikaa akitazama kile kiti.

"Imepona," akaniambia. "Hakuna mtu."

Pumzika, mdogo wangu. Wazee niachie mimi.

Dada yako,
Awor